Jua la Kihanga Linanuka Moshi

Jumatatu, 6 Aprili 1987

Kihanga nzima hakuna mwenye jiko la jua ila mimi. Sahani kubwa ya bati linalong'aa, imesimama uani kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Wafadhili wameniletea mimi kwa sababu mkalimani wao ni mwanangu Gaudiosus, kamaliza kidato cha nne, anapanda Land Rover mbele. Mbele!

Kasoro ndogo: tangu lije halijaivisha hata ndizi moja. Masika. Jirani yangu Kantengwa kaniuliza kama naanikia maharage. Nikamjibu haya ni mambo ya utaalamu.

Gau kasema mtaalamu mwenyewe anakuja Alhamisi. Wanawake wachague: masahani haya, au majiko ya udongo yenye bomba la kutolea moshi. Kantengwa anataka la udongo. Moshi umemharibu macho, siku hizi anatambua watu kwa sauti. Namwonea huruma. Lakini fundi wa udongo ni Mnyambo mwenzetu. Mnyambo anahitaji mkalimani wa nini? Mwanangu atarudi kushika jembe.

Jumatano, 8 Aprili

Nimejaribu. Ndizi zimekaa kwenye sahani toka asubuhi hadi ng'ombe wanarudi. Maji yamefikia uvuguvugu wa kuogeshea mtoto. Ndizi ngumu kama zilivyomenywa.

Nimepata akili. Kesho nitapika kwenye mafiga, huko nyuma migombani. Nikisikia gari, nahamisha sufuria. Nani atajua?

Kuni zangu zimelowa. Nimeazima kwa Kantengwa. Kanipa zote kavu alizokuwa nazo, wala hakuuliza za nini. Nimerudi nikitazama chini.

Alhamisi, 9 Aprili

Mawe, mama yangu! Siku gani hii.

Mawingu mazito kama blanketi la jeshi. Gari likanguruma, nikakimbia na sufuria, vidole vikaungua. Wageni nimewapokea mikono iko mgongoni.

Mtaalamu akafunua. Mvuke! Akatazama mbingu, akatazama ndizi, akatazama tena mbingu. Akapitisha kidole chini ya sufuria, kikatoka cheusi. Nikajua nimekwisha. Kumbe ananisifu: nimeipaka sufuria rangi nyeusi kama walivyofundisha! Akaonja, akasema zina harufu nzuri ya moshi. Nikasema jua la huku ndivyo lilivyo. Gau akatafsiri akitazama viatu vyake.

Nikaambiwa niwaeleze wenzangu. Nikasema linapika hata kwenye mawingu. Wanawake wakamgeukia Kantengwa, maana yeye ndiye aliyeshikilia habari ya udongo. Alikuwa ameinua pua kuelekea migombani. Kuni zake alizijua. Nikangoja aniumbue.

"Mama Gau akisema linapika," akasema, "linapika."

Mikono yote juu. Masahani. Fundi wa udongo haji tena.

Sikula ndizi zile. Nimewapa mbuzi.

Ijumaa, 10 Aprili

Gau kaja, shikamoo yake ya baridi, kakataa chakula. Kasema, "Mama, uongo wako nimeutafsiri neno kwa neno." Nikamwambia angalau kazi anayo. Akasema ndiyo hiyo inayomkaba.

Nimempelekea Kantengwa mzigo wa kuni badala ya zile. Kaukataa. Eti nibaki nazo, kupika kwa jua kunakula kuni sana. Hakucheka. Jiko lake limejaa moshi, machozi yanamtiririka, nami nimesimama mlangoni sijui yapi ni ya moshi. Nimerudi na mzigo wangu kichwani. Njia nzima watu wananiuliza, Mama Gau, kuni za nini tena?

Jumapili, 12 Aprili

Jumapili ya Matawi. Wenzangu wanapunga, mimi tawi nimelishika chini kama ufagio. Nimeapa mbele ya Mungu: nitamwambia mtaalamu yote, jiko la Kantengwa lijengwe.

Kutoka kanisani, Land Rover inanisubiri mimi. Nimeteuliwa! Jumanne niende Nyaishozi kuwafundisha wanawake wa huko. Nitakaa mbele, Gau atakaa nyuma. Watapiga picha. Gau kaninong'oneza kwamba huko ndiko pa kusema ukweli. Nimekubali kwa moyo wote. Nitausema. Baada ya picha.

Kitenge cha bluu nimeshakifua. Na nimeagiza mtu aniulizie kama Nyaishozi kuna kuni kavu.