Jemadari wa Mikono ya Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwisha. Baba yake mchumba wangu ananiita Jumapili, saa tisa alasiri. Si kwa chai tu. Kwa vita!

Niandike polepole, la sivyo mwandiko huu kesho hata mimi sitausoma. Baba mtu ni sajini mstaafu. Tangu astaafu hana kazi nyingine ila mchezo mmoja wa televisheni, wa vita vya samurai wa Japani. Mchezo wenyewe una nusu mbili. Kwanza ramani: unasimamisha muda, dunia nzima inaganda, unawapanga wapiga mishale, wapanda farasi na wenye mikuki kwa raha zako. Kisha unabonyeza kitufe, muda unaanza kwenda, na wewe mwenyewe ndiye jemadari, upanga mkononi, katikati ya watu wanaokitaka kichwa chako. Sajini husema kwamba mtu humjui mpaka umwone katika nusu zote mbili. Mchumba kanieleza hivyo huku anatabasamu. Anadhani ni habari njema.

Ramani naiweza. Ramani ndiyo mimi! Tatizo ni upanga. Adui akinijia mbio, nafumba macho. Nikifumbua, nimeshakufa.

Na nani aliyemwambia mchumba kwamba mimi ni bingwa wa mchezo huo? Mimi. Mdomo huu huu.

Leo dukani mteja ameagiza rangi ya maziwa, nikamchanganyia kopo zima la rangi ya tope. Akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu bado.

Jumanne, 4 Machi

Kinyozi! Kibanda chake kinatazamana na duka letu la rangi, na kwa hiyo namwona kila siku nikitaka nisitake. Mchumba wangu anauza miwani mtaa wa pili. Ndani ya miezi miwili Kinyozi amenunua miwani mara mbili, na macho yake ni mazima kabisa.

Leo kanivukia barabara na mkasi mkononi kunipasha habari kwamba Jumapili iliyopita alicheza na Sajini. Ramani hakuitazama hata kidogo. Alichomoa upanga akaingia tu, na jeshi lake lote likateketea kabla chai haijapoa. Nikafurahi. Kumbe Sajini alicheka mpaka akapaliwa, akampiga begani, akasema huyu angalau anaingia.

Anaingia! Mimi siingii. Mimi hata baharini huishia kwenye magoti.

Nimejifungia stoo nusu saa. Mchana nilikwenda nyumbani kujaribu, macho wazi, nimepiga moyo konde. Nimekufa mara nne katika dakika mbili. Mara ya nne adui hakuwa amefika. Nilidondoka ukutani mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Nimeokoka! Dada!

Dada yangu ni nesi. Anawadunga sindano wanaume wazima wanaolia, na hapepesi macho. Siku zake za mapumziko hucheza mchezo huo huo, na anazo nusu zote mbili. Anasimamisha muda pumzi moja tu, anawaonyesha wapiga mishale kilima, anaachia, na kabla hujajua yuko katikati ya vumbi anafyeka. Mimi hutazama nikiwa nyuma ya mlango.

Mpango ni huu. Nitabeba mashine yetu ya kuchezea, kwa kisingizio kwamba jeshi langu limehifadhiwa humo. Mashine ina mpangilio unaoruhusu pedi mbili, vile vidude vya vitufe vya kushika mkononi, kumwendesha jemadari mmoja. Dada atakwenda nami kama ndugu wa upande wangu, atajitolea kumsaidia mama mwenye nyumba, mke wa Sajini, jikoni. Kati ya jikoni na sebule kuna kidirisha cha kupitishia sahani, na kinatazamana na televisheni. Nilikiona siku nilipokwenda kupaka rangi dari. Dada atasimama hapo, pedi chini ya aproni. Mimi nitapanga ramani, yeye atapigana, Sajini ataniona mimi.

Dada kasema mpangilio huo uliwekwa ili wazazi wawasaidie watoto wa miaka mitano. Nikamwambia haina neno. Akauliza kwa nini nisimwambie mzee ukweli kwamba naogopa. Nikamwambia tuzungumze mambo ya maana. Amekubali, kwa sharti nioshe vyombo mpaka Mei.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi. Dada jikoni kwetu, mimi sebuleni. Nabonyeza vitufe ovyo, jemadari anapigana kama simba. Raha iliyoje! Kwa dakika kumi nilisahau kwamba si mimi.

Lakini nikilala usingizi hauji vizuri. Mchumba kapita dukani leo kuniambia nisiwe na wasiwasi, baba yake ni mpole. Hilo ndilo linalonitisha. Mtu anayefoka unajua amesimama wapi. Yule mzee hukutazama tu, taratibu, na wewe unaanza kukiri mambo ambayo hujayafanya.

Nisipomwoa huyu binti sijui nitafanya nini. Nimeandika, basi. Sijawahi hata kumwambia yeye.

Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Sajini kanikaribisha, kaniita kijana. Kanieleza kwamba kuna ngome moja inamshinda kwa wiki tatu sasa. Yeye angeongoza wapanda farasi, mimi niwe jemadari. Dada kashapotelea jikoni kumenya viazi. Mchumba kakaa kochi la pembeni, ananiangalia kwa fahari. Fahari!

Nikasimamisha muda. Nikapanga. Wapiga mishale kwenye mianzi, mikuki darajani, farasi wa mzee nyuma ya kilima. Nikapangua, nikapanga tena. Dakika ya arobaini Sajini akauliza kwa adabu kama tunangoja mvua. Nikaachia muda.

Ukungu. Halafu ngoma. Halafu wakatoka, mamia, mikuki mirefu, wanapiga kelele, wanakimbia moja kwa moja kunifuata mimi!

Nilijua kwamba si mimi ninayepigana. Nilijua! Naapa mikono yangu haikujua. Pedi ikaruka ikaangukia chini ya meza, nikanyakua mto wa kochi nikajifunika uso kwa mikono miwili.

Nikachungulia. Kwenye televisheni jemadari wangu alikuwa ngazini, anawaangusha watatu kwa mpigo. Sajini hakuwa akitazama televisheni. Alikuwa akitazama mikono yangu yote miwili, iliyoshika mto. Jemadari akaendelea kupigana. Kutoka jikoni ikasikika sauti ya dada, kubwa, ya furaha: "Chukua na hiyo!" Mama mwenye nyumba akauliza viazi vimemkosea nini.

Sajini hakufoka. Afadhali angefoka. Aliinuka, akafungua kidirisha chote, akamtazama dada na aproni yake, akamwambia aendelee kupigana, lango la kulia bado liko wazi. Wakaiteka ngome wawili, yeye kochini, dada kidirishani na kisu cha viazi kwapani. Walishangilia kama watoto. Mimi nilibaki na mto.

Mlangoni mzee kaniambia ramani yangu ilikuwa safi, bila hiyo ngome isingeanguka. Nikataka kushukuru. Akaendelea, kwa sauti ya chini, akaniuliza binti yake akipatwa na shida mbele ya macho yangu, nitamtuma nani.

Nikainama nikafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Mchumba hakutoka kuniaga.

Jumatatu, 10 Machi

Mchumba kaja dukani saa nne. Nilimwona kwa mbali nikajificha nyuma ya mashine ya kutikisia makopo. Akaizima mashine, akangoja.

Kasema baba yake hakukasirishwa na woga. Amewahi kuona askari wenye nishani wakijifunika uso. Kilichomkera ni mikono ya kuazima. Kasema pia kwamba yeye mwenyewe aliona haya, si kwa sababu ya mto, bali kwa sababu nilimfanya ajivunie mtu ambaye hakuwepo.

Nikataka kumwambia yale niliyoyaandika Ijumaa. Nikamwambia rangi nyeupe imeingia mpya.

Halafu akaniambia nije kwao Jumamosi saa kumi. Hakuna mchezo, hakuna mashine. Nimweleze baba yake kwa mdomo kwamba nataka kumwoa. Sentensi moja inatosha. Kasema atangoja mpaka saa kumi na moja, na baada ya hapo hatangoja tena, wala Jumamosi hiyo wala siku nyingine.

Nikasema ndiyo. Sauti ilitoka nyembamba, mteja mmoja akageuka kuangalia kama kuna paka.

Jumatano, 12 Machi

Nimejaribu sentensi mbele ya kioo. Nilifika "Mzee, mimi" nikafumba macho.

Nimemwomba dada anisemee, kwa kuwa siku hizi Sajini humwalika kucheza. Kakataa kabla sijamaliza. Kauliza na siku ya harusi nitamtuma yeye asimame mahali pangu? Nikasema hapana, nikiwa nalifikiria jambo hilo.

Ijumaa, 14 Machi

Amani! Amani kamili!

Nimejifunza kutokana na makosa. Kosa langu Jumapili lilikuwa moja tu: dada alijificha. Ukimficha mtu, anafichuka. Safari hii hakuna kuficha. Nahitaji mtu wa kuingia mlango wa mbele, mchana kweupe, asiyeogopa, anayeongea vizuri, na ambaye mzee anampenda tayari.

Nimempata. Kinyozi!

Nimemwandikia kila kitu kwenye karatasi, pamoja na ramani ya sebule: mzee anakaa wapi, mchumba anakaa wapi, asimame wapi ili mwanga wa dirisha umwangukie vizuri. Nimeandika hata yale ambayo sikuwahi kumwambia mchumba. Kazi yake ni kuyasema tu, kwa niaba yangu. Nilidhani atanicheka. Hakucheka. Aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa shati, akakubali haraka kuliko nilivyotegemea. Nilimchukia bure huyu bwana.

Tena anaijali kazi ya mwenzake! Amenunua shati jipya. Amefunga kibanda mapema ajinyoe mwenyewe kwa utulivu. Amesema mimi nisijisumbue kufika, atashughulikia kila kitu.

Kesho saa kumi nitakuwa stoo, nyuma ya makopo ya rangi nyeupe, nangoja habari. Kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita, siogopi kitu.