Kaseti ya Saba

Jumatatu, 4 Novemba

Barua imekuja! Tuliobaki ni watatu na mimi nimo. Mfuko huu wa ufadhili unataka utafiti wa sanaa na lugha utoke vyuoni uende kwa wananchi, na fedha anapewa mtafiti aliyeshirikiana na kikundi cha watu wa kawaida. Utafiti ninao. Mwaka 1998 nilimrekodi marehemu Byabato wa Ngenge, mpiga enanga, ala yetu ya nyuzi, asiye na mfano, kaseti saba. Nikaandika tasnifu ya kurasa mia tatu. Walioisoma ni wanne, na mmoja wao ni mimi.

Kikundi sina. Kwenye fomu niliandika kwamba Ngenge kuna watu arobaini wanaokutana kila Alhamisi kujadili kazi yangu. Niliandika hivyo nimechoka. Sasa mama mmoja wa Mfuko, Nancy, anatoka Dar tarehe 16 kuja kuwaona hao arobaini. Ole wangu.

Hellen, mke wangu, amesema kama nataka kuwapelekea watu utafiti, kaseti zipo chini ya kitanda, na mjane wa Byabato anaziomba tangu msiba, mwaka wa kumi na moja huu. Nimemweleza kwamba kupeleka kitu bila mradi si kupeleka, ni kutupa. Amekwenda kumenya ndizi.

Alhamisi, 7 Novemba

Ngenge. Basi hadi Muleba, halafu bodaboda, halafu miguu, maana bodaboda ilikwama kwenye tope. Nina miaka sitini na mbili. Ma Vestina, mjane mwenyewe, amenipokea kwa makaribisho mengi ya nyegera waitu, akaniletea akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Kwetu ukishatafuna kahawa ya mtu, kumkatalia ombi lake ni aibu. Nilijua. Njaa ikanishinda.

Ombi lake ni lilelile. Sikio la kushoto limekufa, na la kulia daktari kamwambia linafuata. Kabla halijafuata anataka kusikia wimbo mmoja tu, ule ambao mumewe alimtungia walipooana. Upo kwenye kaseti ya saba. Picha ya marehemu hana, enanga yenyewe imeliwa na mchwa. Nikaahidi: tarehe 16, mbele ya mgeni. Akauliza kwa nini si leo. Nikasema mambo haya yana taratibu zake. Akauliza tena kwa nini si leo. Nikadhani hajasikia, nikapaza sauti.

Kuhusu watu arobaini, amesema watu wa Ngenge hawaachi vibanja vyao vya migomba kwenda kukaa bure. Wanaojaa hivyo ni chama cha kuzikana, wakati wa msiba. Chama cha kuzikana! Kina mwenyekiti, kina daftari la mahudhurio, na asiyefika hutozwa mkungu wa ndizi. Mimi ningechukua miaka kumi kukijenga kitu kama hicho. Nimerudi Bukoba nina matope hadi kiunoni na furaha kidogo.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani. Mwesiga alikaa mbele yangu na shati jipya. Huyu nilimfundisha mimi kuandika tanbihi! Leo na yeye ni mmoja wa wale watatu. Kaseti hana hata moja. Anachofanya ni kwenda Maruku, anakaa na wazee wanaoanika kahawa, anawauliza wanakumbuka nyimbo gani, kisha ananyamaza na kusikiliza. Huo nao ni utafiti?

Baada ya ibada alinijia, shikamoo mwalimu, kwa adabu zote, akaomba nimwazime kaseti moja tu. Nikamwambia zimeota ukungu. Akanipa pole. Adabu yake inanichosha kuliko ukorofi.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimempigia Joackim, mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Anaishi ng'ambo ya kijiji na mtandao huko ni wa kuvizia. Nimesema kifupi: kesho saa nne, kwa Ma Vestina, awaite wanachama wote kwa utaratibu wao wa kawaida. Akauliza kama familia imeshajulishwa. Nikasema yote nimeyapanga mimi. Akasema pole sana, mwalimu.

Nimeguswa. Hatimaye mtu mmoja ameona ninavyohangaika.

Jumamosi, 16 Novemba

Nitaandika machache. Mwili wote unauma.

Chama kile kina utaratibu mmoja tu wa kawaida. Asubuhi rimu ya lori iligongwa Ngenge nzima kutangaza msiba. Nilipofika na Nancy, uani kulikuwa na watu zaidi ya sitini: wanawake wamejifunga khanga viunoni, wanaume na majembe, kuni, mikungu ya ndizi, na wawili tayari wanapima kaburi kibanjani. Ma Vestina alikuwa mlangoni anauliza nani kafa. Wakamwambia ni yeye.

Kisha akaja binti yake, Jovita, kutoka Kemondo, juu ya bodaboda, analia kwa sauti. Aliacha samaki wake sokoni bila mtu. Alipomkuta mama yake mzima alimkumbatia muda mrefu. Halafu akauliza ni nani aliyefanya hivi, akavua kiatu. Nilisimama nyuma ya Nancy.

Nancy hajui Kihaya. Alipiga picha, akalipitia daftari la mahudhurio ukurasa kwa ukurasa, akasema hajawahi kuona wananchi waliojitoa namna hii. Nikasema ndivyo ilivyo kila Alhamisi.

Joackim alikuwa amevimba kwa hasira, lakini chakula kilicholetwa msibani hakirudishwi nyumbani, kwa hiyo kikainjikwa. Ma Vestina akasema maadamu wamekuja wakae, wamsikilize mume wake. Watu wakakaa. Nikaweka kaseti ya saba kwenye redio niliyokuja nayo.

Kwanza ikatoka sauti yangu ya ujana, namweleza Byabato maana ya wimbo wake mwenyewe. Dakika kumi na mbili! Sikukumbuka kama nilisema sana hivyo. Kisha sauti ya Byabato, pole pole, akimwambia mkewe amletee mwalimu kahawa, huenda akitafuna atanyamaza. Ua mzima ulicheka. Ma Vestina hakucheka. Alipiga magoti, akaliegemeza sikio la kulia kwenye redio. Nyuzi zikaanza kulia, wimbo wenyewe.

Nikaizima. Ningefanyaje? Nancy alikuwa haelewi kitu, na nyuzi zile nimezichambua vizuri sana ukurasa wa 214 wa tasnifu. Nikaanza kueleza. Niliona Ma Vestina bado kapiga magoti, sikio palepale, nikamwashiria asubiri kidogo. Nilipoingia nadharia ya pili mvua ikamwagika. Watu wakakimbia na masufuria. Kaseti niliiwahi, redio ikafa.

Wakati wa kuaga Nancy alimwuliza Ma Vestina, Jovita akifasiri, angependa Mfuko umsaidie nini. Alijibu neno moja la Kihaya. Jovita alifasiri kwa Kiswahili safi, akinitazama mimi: wamnyamazishe mwalimu.

Jumanne, 26 Novemba

Barua. Mfuko umekichagua chama cha kuzikana cha Ngenge, moja kwa moja, kiwe mshirika wao. Mtaalamu wao atakuwa Mwesiga. Wamesifu daftari la mahudhurio. Mimi nimeshukuriwa kwa kuwakutanisha, nikaombwa kuzikabidhi kaseti zote saba kwa familia, kupitia kwa Mwesiga.

Kuwakutanisha! Nililala chali mchana wote nikitazama dari. Hellen akaniletea chai, akasema basi sasa utampa yule mama kaseti zake. Nikasema nitampa. Wakati nasema, nilimaanisha kweli.

Jumamosi, 30 Novemba

Mwesiga amekuja kuzichukua. Nimempa sita. Alizihesabu mara mbili, akauliza ya saba. Nikasema ilimalizwa na mvua ile. Machozi yakamlengalenga, mtu mzima. Akaninong'oneza kwamba Ma Vestina anaiulizia hiyo kuliko zote. Nikasema ndiyo dunia.

Niweke sababu yangu hapa, ili nisije nikasahau. Jana nimeona tangazo la mfuko mwingine kabisa. Unafadhili kuzirudisha kwa wananchi sauti zilizopotea. Sharti la kwanza: sauti iwe imepotea. Sasa kaseti iliyo nyumbani kwa mwenyewe imepoteaje? Ikifika Ngenge tu, mradi umekufa. Mwisho wa maombi ni Machi. Nikishinda nitampelekea mwenyewe, na redio mpya. Ni miezi michache tu. Kaseti iko kwenye soksi.

Alhamisi, 12 Desemba

Kifurushi kutoka Ngenge, kimeletwa na konda wa basi. Senene wa kukaanga, na akamwani iliyofungwa vizuri kwa jani la mgomba. Na barua ya Ma Vestina, imeandikwa na Jovita. Hellen ameisoma kwa sauti.

Ananishukuru kwa kaseti sita. Amezisikiliza zote, kila moja mara mbili, kwa redio ya Mwesiga. Wimbo wake hakuusikia. Mwesiga kamwambia kaseti ya saba iliharibika, lakini yeye anaamini kwamba mwalimu aliyesoma vile hawezi kuacha kaseti ilowe. Anaona wimbo umo humohumo kwenye hizo sita, ila umepita na sikio lake halikuudaka. Anasema kama sikio hili bado litakuwapo, ataomba siku moja nikamwonyeshe unapoanzia. Anaomba radhi kwa kunisumbua.

Hellen aliikunja barua, akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akatoka, na chakula hakupika. Nimetafuna kahawa peke yangu. Ni nzuri, imechemshwa ikaiva.

Kisha nikaketi na fomu ya ule mfuko mwingine. Kipengele cha tatu kilikuwa kimenitesa wiki nzima: wanataka ushahidi kwamba kuna mwananchi anayeihitaji kweli sauti iliyopotea. Nimeiambatanisha barua ya Ma Vestina.