Ngazi Haichajiwi

Alhamisi, 6 Juni

Siku njema! Nimepata kazi na karibu nimepata mke.

Marufuku ya ngoma na kelele, ile ya kila mwaka kabla ya sikukuu ya Homowo, bado inaendelea hapa Jamestown. Mji kimya. Hakuna spika, hakuna mazishi, mpaka wazee watakapozifungua ngoma Alhamisi ijayo. Mimi ni raia mtiifu. Siku ya kwanza tu ya marufuku niliifungia droni yangu na betri zake tatu ndani ya droo, maana kitu kile hulia kama nyigu, na kikosi cha wazee kinazoa kila chenye sauti. Kanisa la jirani limeshapokonywa spika. Tangu hapo sijazigusa betri. Betri ni kama mtu, ikipumzika hurudi na nguvu.

Mchana alikuja Ataa Quaye, mjomba wake Dedei. Dedei ni... hapana, nisiandike. Mama yake Ataa Quaye, bibi yake Dedei, yuko mochwari tangu kabla ya marufuku. Atazikwa Jumamosi ya tarehe 15. Maisha yake yote aliuza samaki akizunguka vichochoro vya mji huu, na familia inataka filamu ya kutoka angani inayoonyesha vichochoro hivyo vyote. Ataa Quaye akasema, mbele ya Dedei mwenyewe, kwamba filamu ikipendeza nilete wazee wangu wabishe hodi. Kubisha hodi! Posa yenyewe! Akaongeza kwamba Laryea naye ameomba hiyohiyo nafasi. Laryea mpiga video! Hana droni. Ana ngazi ya alumini, anaikwea na kamera yake kama fundi wa paa.

Nilikubali kabla mzee hajamaliza sentensi.

Jioni nikafungua droo. Betri zote tatu hazina hata taa moja. Zimelala tu.

Ijumaa, 7 Juni

Hazijalala. Zimezimia. Nakumbuka sasa kwamba mara ya mwisho nilizirusha mpaka zikaisha kabisa, nikazitia ndani ya droo hivyohivyo. Chaja inazikataa. Taa nyekundu, kisha mlio. Pii! Pii! Pii!

Shangazi Kai, mwenye nyumba hii na mwenye friza ya samaki, alitoka mbio akauliza kama nataka wazee waje wabebe na friza yake. Nikaifunika chaja kwa mto. Mto ukaanza kunuka moshi. Shangazi akasema kilichopigwa marufuku ni kelele, si akili.

Nimepiga simu dukani. Betri mpya zinatoka nje ya nchi, zitafika mwishoni mwa mwezi. Nimeagiza moja, lakini mwishoni mwa mwezi Dedei atakuwa mke wa ngazi. Bahati nzuri kinyozi wangu ana dawa. Betri iliyokufa huwekwa kwenye barafu, inashtuka, inaamka. Anasema simu yake ilifufuka hivyo. Nimefunga kila betri kwenye mfuko mweusi na kuzizika chini ya samaki wa Shangazi. Mtu akitumia kichwa hakosi njia.

Jumamosi, 8 Juni

Shangazi ameuza betri yangu! Alidhani ni fungu la vibua. Na kati ya watu wote wa mji huu kamuuzia nani? Mama yake Laryea.

Laryea alikuja kuirudisha mwenyewe, kaishika kwa vidole viwili, kapita nayo mtaa mzima. Akasema mama yake alikuwa karibu kuipara magamba. Kisha akaniwekea mkono begani mbele ya watu: "Pole sana, kaka. Ngazi haichajiwi, ujue."

Mtaa ukaangua kicheko. Dedei alikuwa kwenye foleni ya kenkey, ule ugali wetu wa mahindi yaliyochachushwa. Yeye hakucheka. Alijifuta mdomo kwa leso kwa muda mrefu kidogo, basi.

Betri zinanuka samaki. Chaja bado inazikataa. Namchukia kinyozi.

Jumapili, 9 Juni

Mpango mkubwa! Baada ya kanisa niliazima betri ya teksi ya jirani na nyaya mbili nene. Zinachokosa hizi ni pigo moja la umeme wa kiume. Nilikuwa nimeshaigusisha waya wa kwanza pale Akweley alipoingia uani.

Akweley ni binamu yangu. Hurusha droni za wapima ardhi, anajua mambo, na hakuna siku amewahi kusahau kwamba anajua. Alinipokonya waya. "We Okai! Unataka uzikwe siku moja na bibi wa watu? Wakuchanganye majeneza?"

Akaagiza samaki wa kukaanga kwa gharama yangu, akaanza hotuba. Kwamba ndani ya kila betri mna seli kadhaa, na seli ikishuka chini ya volti tatu imeanza kuumwa. Kwamba chaja inakataa kwa sababu ina busara kunishinda. Kwamba betri za namna hii zikilazimishwa hushika moto, na moto wake hauombi radhi. Akapima kila seli kwa mita yake ndogo. Betri ya kwanza, ile iliyokwenda kwa mama Laryea, imevimba kama mkate. Akasema iliyovimba haiponi, akaitia kwenye ndoo ya mchanga mbali na nyumba mpaka aipeleke kwa wanaozikusanya. Ya pili ina seli moja iliyokufa kabisa. Nayo ikaenda ndooni. Ya tatu seli zake zote ziko sawasawa, chini kidogo tu ya tatu. Hiyo, akasema, inaweza kujaribiwa. Mara moja.

Masharti yake sasa! Uani, juu ya mchanga, ndani ya chombo cha udongo. Umeme kidogo sana mpaka kila seli ipande juu ya tatu, halafu chaji ya kawaida, polepole, seli zote zikisawazishwa. Ikipata joto au ikianza kuvimba, chomoa. Na usiondoke, Okai. Hata ikijaa, bado ni mgonjwa. Iruke chini, muda mfupi, na kamwe isipite juu ya vichwa vya watu.

Maneno mengi. Nilichoshika ni kwamba inapona.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekaa uani tangu asubuhi nikilinda betri. Chombo cha udongo ni bakuli la Shangazi la kusagia pilipili. Hajajua.

Seli zikapanda taratibu. Furaha! Akweley akaibadilisha chaja iingie chaji ya kawaida, akaenda dukani, akarudia kwamba nisiondoke. Sikuondoka. Nilisogea tu mpaka getini, kwa sababu Dedei alikuwa anapita, na kumwacha apite bila salamu ni utovu wa adabu. Akauliza kama kweli nitaweza, maana bibi alimlea yeye na hatakuwa na mazishi mengine. Nikamwambia alale usingizi. Tukaongea, tukaongea.

Akweley alirudi akakuta kuku amelala ndani ya bakuli, ameatamia betri. Aliniita majina ambayo siyaandiki. Kuku alikataa kutoka, akapiga kelele, chaja nayo ikapiga kelele kwa sababu kuku alikuwa amechomoa waya, na ndipo kikosi cha wazee kikaingia getini. Walisikiliza. Wakajadiliana. Kuku wakamsamehe. Chaja wameichukua.

Alhamisi, 13 Juni

Ngoma zimefunguliwa! Mji mzima unadunda. Chaja nimerudishiwa kwa faini ya chupa ya pombe kali na kwa kuomba msamaha nikiwa nimeteremsha nguo bega moja kwa heshima. Shangazi amegundua kuhusu bakuli. Pilipili inanuka betri. Tusiongee hayo.

Lakini betri imejaa! Taa zote nne! Akweley akalazimisha majaribio juu ya mchanga mtupu, chini. Ikaruka vizuri, kisha ghafla ikashuka taa mbili kwa pamoja. Akasema umeona? Kesho alfajiri nivipige picha vichochoro vikiwa vitupu, nitue, imetosha. Jumamosi isiruke kabisa. Nikamwambia nimesikia. Ni kweli, nilisikia.

Jumamosi, 15 Juni

Jana alfajiri sikwenda. Nilikuwa kwa fundi cherehani, na vichochoro vitupu vina utamu gani? Bibi alizunguka kati ya watu, basi apigwe picha kati ya watu. Huo ni usanii. Akweley hauelewi.

Jeneza lilitoka, wabebaji wakicheza nalo, tarumbeta, umati wa nguo nyeusi na nyekundu. Laryea juu ya ngazi yake pembeni. Nikairusha. Ilipanda kama malaika! Dedei akainua uso akaona, machozi yanamtoka huku anatabasamu, na mimi pale nilikuwa mfalme. Taa tatu. Nikaipandisha zaidi. Taa tatu. Kisha moja. Kisha hakuna.

Ilianguka. Watu wakatawanyika wakipiga yowe, mama mmoja akamkinga mtoto kwa mwili wake. Haikumgusa mtu, Mungu mkubwa. Iliingia ndani ya pipa la barafu na vinywaji. Akweley akaitoa betri kwa koleo, imepinda, inafuka moshi, akakimbia nayo mpaka kwenye mchanga. Hakunitukana. Hilo ndilo lililoniuma.

Kadi ya picha ndani ya droni imeharibika. Sina hata sekunde moja. Laryea anazo zote: jeneza, vichochoro viwili vinavyoonekana kutoka ngazini, na mimi nikianguka kutoka angani.

Baadaye nilimfuata Dedei nikamwambia droni ilifika juu kuliko kitu chochote mjini. Akaniangalia kwa upole. "Najua, Okai. Lakini Laryea anajua ngazi yake inaishia wapi."

Nimelia kidogo. Nimeandika.

Jumatano, 26 Juni

Nimelifikiria sana neno la Dedei. Nimelielewa! Anasema ngazi ni fupi. Inaishia. Huo ni ujumbe wa mapenzi, na aliusema kwa fumbo kwa sababu mjomba wake alikuwa karibu.

Na betri mpya imefika leo! Droni fundi ameiunga. Akweley akaja na masharti yake yaleyale: usiirushe mpaka iishe, na ukiiweka iwe na nusu chaji. Nikaitikia kila moja. Alipoondoka tu nikairusha mpaka juu ya nyumba ya Ataa Quaye, kusalimia.

Kwenye skrini nikaona uani kwao viti vimepangwa, wazee wamevaa vizuri, chupa mezani. Dedei amesimama mlangoni kwa nguo mpya. Na ukutani, imeegemezwa vizuri kabisa, ngazi ya alumini.

Nikazunguka. Nikazunguka tena ili nihakikishe. Bado ngazi. Betri ikalia, nikazunguka tena. Iliporudi uani kwangu haikuwa na taa hata moja, ilitua kwenye kamba ya nguo za Shangazi.

Haidhuru. Kubisha hodi si ndoa. Bado kuna sikukuu ya Homowo mwezi wa nane, mji mzima utakuwa nje, na Dedei atainua uso aone nani yuko juu. Nimeitia betri ndani ya droo hivyohivyo, nimefunga kwa ufunguo. Imechoka, maskini, na mimi pia. Ikipumzika itarudi na nguvu.