Siti ya Nkuba Yapandishwa Chimala

Sogeeni, enyi watu wa Usangu, nanyi mpitao barabara kuu kwa mabasi pasipo kutazama pembeni. Tegeni masikio niwahadithie siku siti ya baiskeli ilipopanda vidole vinne, na ulimwengu ukatulia.

Nkuba mwana wa Makoye, mrefu kuliko kila mlango aliouinamia, alikuwa ameendesha baiskeli miaka sita, magoti yakimgonga kifua mithili ya ngoma za vita. Jumamosi hiyo alirudi kutoka mashine ya mpunga akiikokota, akasimama uani na kumtangazia mkewe, Leokadia mpepeta mchele:

"Mama Sayi, nimeshindwa, magoti yananiuma. Uzee umenivamia bila hata hodi. Baiskeli nauza."

"Miaka thelathini na nane, uzee gani, Baba Sayi? Siti iko chini."

"Ilitoka dukani hivyo hivyo!" akanguruma shujaa. "Mimi ni nani nibishane na kiwanda?"

"Kiwanda hakijawahi kukuona wewe."

Neno hilo lilimchoma kuliko mkuki. Akaitwaa spana, akaiendea nati iliyojichimbia ndani ya kutu kama adui ndani ya boma. Shambulio la kwanza, spana iliteleza; damu ikamwagika, tone zima. Leokadia akaleta mafuta ya taa, akainywesha nati, wakasubiri. Shambulio la pili, nati ikalia kama ndama, ikasalimu amri.

Ndipo kiburi kilipomponza. Nkuba akaivuta siti hadi mwisho, akapanda, nyayo zikaning'inia hewani, naye akaporomoka juu ya mpunga ulioanikwa.

Leokadia hakucheka, ingawa ilimgharimu. Akaishusha siti kidogo, akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Panda. Kisigino kwenye pedeli ya chini. Mguu umenyooka?"

"Umenyooka."

"Sasa kanyagia mbele ya unyayo. Goti?"

"Limepinda kidogo tu."

"Basi kaza nati, uende."

Akaenda hadi lami, akarudi, akashuka bila kushika kiuno. "Mke wangu," akasema, "magoti hayaumi."

Basi na iandikwe, vizazi vijavyo visome: Nkuba wa Chimala aliiteka nati moja kabla ya adhuhuri, na alipowasimulia wanaume wenzake pale mashineni, hakusema "niliipandisha". Kwa mara ya kwanza katika ndoa ile, alisema "tuliipandisha".