Hatamu ya Vumbi

Jumatatu, Mei 6

Bi. Tuttle wa ofisi ya serikali inayogawa farasi mwitu amekuja. Bila taarifa! Mimi nimevaa malapa na shati la kulalia. Kasimama kwenye uzio, kamtazama farasi wangu Vumbi, kanitazama mimi, kisha kauliza hatamu aliyovalishwa farasi siku nilipokabidhiwa, mwezi Novemba, inafanya nini kichwani mwake mpaka leo. Nikamwambia inampendeza. Hakucheka.

Kasema Vumbi ana miaka miwili tu, kichwa kinakua, hatamu haikui. Imeshaanza kumbana. Ikibana zaidi itamkata juu ya pua. Kanipa mpaka Ijumaa tarehe 17. Niivue kwa mkono wangu mwenyewe, farasi akiwa amesimama kwa hiari yake, hajafungwa wala hajadungwa dawa ya usingizi. Nikishindwa, anachukuliwa. Anarudi kwenye mazizi ya serikali na maelfu ya wenzake, na mimi sitapewa mwingine.

Siku kumi na moja. Miezi sita hii sijamgusa hata sikio! Nikiingia kwa lango hili, yeye yuko pembe ile. Nikienda pembe ile, yeye yuko langoni. Tunazunguka kutwa kama majirani waliokosana.

Nimegeuza ndoo nikakaa kumtazama mpaka chakula cha mchana. Anafikiria nini? Kwa nini hanywi maji nikiwa naangalia, nikigeuka tu nasikia anafyonza? Shingoni ana ile alama nyeupe waliyompiga serikalini kwa chuma kilichogandishwa, manyoya yakaota meupe. Ukijua kuisoma inakwambia mwaka aliozaliwa. Je, yeye anajua anayo? Na mama yake yuko wapi? Bado yuko kule milimani, au naye alikamatwa akaishia Ohio kwa mtu mwenye malapa? Nilijaza fomu tisa. Hakuna hata moja iliyosema habari hizi.

Jumanne, Mei 7

Mpango wa kwanza. Farasi humjua mtu kwa harufu, kwa hiyo ninuke kama farasi. Nimejipaka mavi ya farasi mikononi, kwenye suruali, na kidogo nyuma ya masikio.

Vumbi kanusa kutoka mbali. Kapiga chafya. Kaenda pembe ya mbali kuliko zote.

Dada Imogene kanikataza kuingia ndani. Nyumba ni yake, zizi ni lake. Mimi nimehamia tu tangu mgodi uliponistaafisha. Nimekula maharage nje barazani, nimesimama. Alikuwa na kikao cha kamati yake, wale wanaopinga farasi mwitu kukamatwa. Wanawake watano wakapita mbele yangu wameshika pua. Mmoja kamuuliza dada yangu kama nilikuwa hivi tangu utotoni. Dada kasema hapana, utotoni nilikuwa na nafuu.

Alhamisi, Mei 9

Nimekwenda kwa jirani, Beñat Goicoechea. Ana ng'ombe mia nne na anataka farasi mwitu wakamatwe hata kesho. Kanipa mchuzi wa kondoo, kanikalisha, kanieleza. Bonde lina chemchemi tatu, mbili zimekauka. Majani yanatosha farasi themanini, wapo mia tatu. Kasema mwaka juzi alikuta majike wamekufa kwa kiu wamelizunguka tope, na alilia. Nimemwamini kabisa. Mtu hawezi kula mchuzi ule akaacha kuamini.

Halafu kanionyesha Shemasi! Farasi mzee wa kahawia, kahasiwa, mpole, mdomo wa chini umelegea. Ndiye Yuda. Hivyo ndivyo wanavyomwita mwenye kazi hiyo. Helikopta inawaswaga farasi mwitu kutoka milimani. Huku chini watu wameshatandaza kuta mbili ndefu za kitambaa cha gunia, pana mwanzoni, zinabanana kuelekea zizini. Kundi likifika mdomoni, Shemasi anaachiwa. Anatimua mbio mbele yao katikati ya magunia, wao wanamfuata wakidhani ni mwenzao anayejua njia, pu! wako ndani. Yeye anapewa ndoo ya shayiri. Kafanya hivyo miaka kumi na minne.

Nikamuuliza Beñat kama Shemasi anajua anachofanya. Akanikodolea macho. Kasema jirani, huyu anajua ndoo. Sijaridhika. Miaka kumi na minne, na hajageuka hata mara moja kuwatazama wenzake wanapofungiwa?

Nimemwomba aniazime. Vumbi anahitaji rafiki wa kumtoa woga. Kakubali kwa sharti moja: Alhamisi ijayo kwenye mkutano wa hadhara wa kuamua habari ya farasi mwitu nisimame niseme farasi wakamatwe. Nimesema hilo tu? Tukapeana mikono.

Ijumaa, Mei 10

Dada kamwona Shemasi. Moto umewaka! Kasema Yuda hakanyagi zizi lake. Kasema nimemletea mnafiki mlangoni, na sikujua kwa hakika anamsema farasi au mimi. Nikamwacha aseme. Kanieleza habari za watoto wa farasi wanaokimbizwa na helikopta mpaka kwato zinachomoka, na kwamba kwenye ardhi ile ile ng'ombe ni wengi kuliko farasi lakini hakuna anayewahesabu kuwa wamezidi. Macho yalimlengalenga. Nimemwamini kabisa.

Mwishowe kakubali Shemasi akae, kwa sharti moja: Alhamisi nisimame mkutanoni niseme farasi wasikamatwe. Tukapeana mikono.

Kwa hiyo mkutano mmoja, hotuba mbili. Kuna njia. Nitaumwa.

Jumapili, Mei 12

Maajabu! Vumbi na Shemasi wanakunana mgongo kwa meno, kila mmoja kamwelekea mwenzake kinyume. Vumbi amefumba macho. Sijawahi kumwona amefumba macho.

Nikajaribu. Nimemkuna Shemasi pale pale juu ya mabega, kwa kucha. Vumbi akatazama. Akasogea hatua moja. Akasogea ya pili. Kabakiza hatua tatu hivi, nasikia pumzi yake! Nikanyoosha mkono haraka kushika hatamu.

Alikimbia saa nzima. Sasa ana mchubuko mdogo juu ya pua, pale kamba inapogusa. Mwekundu. Nimekaa kwenye ndoo nikautazama na sikujisikia vizuri hata kidogo. Siku tano zimebaki.

Jumanne, Mei 14

Nimepata! Kwa nini nihangaike na mkono wangu wakati nina mtaalamu wa miaka kumi na minne? Nitengeneze mtego mdogo hapa uani. Shuka za dada ziwe kuta. Mwisho wake kichochoro chembamba cha mbao, farasi hawezi kugeuka. Shemasi akimbie, Vumbi afuate, asimame mle kwa hiari yake, hajafungwa, nivue hatamu. Bi. Tuttle hana pa kunishikia.

Kinachokosekana ni helikopta. Nimeazima kanisani mashine ya kupulizia majani makavu, ile ya kuvaa mgongoni, inayonguruma kama helikopta. Petroli tele. Nimeiwasha sekunde mbili nyuma ya ghala. Shemasi masikio juu, kainua kichwa, mdomo umekaza! Kawa kijana wa miaka mitano. Je, anakumbuka mlio, au anakumbuka shayiri? Ningetoa kidole nijue.

Dada hakusikia. Yeye na kamati wamejaa barazani wanashona mabango ya mkutano. Mabango marefu ajabu, ya kutandaza pande zote mbili za barabara mpaka kwenye ukumbi, ili wakubwa wa ofisi wapite katikati waone aibu. Karatasi huchanwa na upepo wa huku, kwa hiyo wametumia magunia. Nimewasaidia kubeba. Nimeyasifu sana.

Alhamisi, Mei 16

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Mchana nikamwambia dada tumbo limechafuka, siwezi mkutano. Beñat nilimpigia simu nikasema mgongo. Wote wamekwenda. Nikatundika shuka nane. Nikafungua lango la barabarani niingize mbao kwa gari. Sikulifunga. Naandika hivi kwa ukweli wa shajara, hakuna mwingine atakayeambiwa.

Nikamweka Shemasi mdomoni mwa mtego. Vumbi nyuma yake. Nikavaa mashine, nikavuta kamba.

Shemasi akaruka. Akaziangalia shuka za maua za dada yangu. Nilimwona akizidharau! Halafu akatazama nje ya lango, chini ya barabara, na kule umbali wa nusu maili zilikuwa zimetandazwa kuta mbili za magunia, ndefu, zinabanana vizuri kuelekea uani kwa ukumbi, uzio wa waya pande zote, geti wazi. Kazi safi. Hajaona kazi safi hivyo miaka kumi na minne.

Akaondoka. Vumbi nyuma yake. Mimi nyuma ya Vumbi, nikipiga kelele wasimame, na mashine inaunguruma mgongoni kwa sababu kitufe cha kuzimia kipo begani na sikujua ni bega lipi. Ndipo katikati ya barabara likanijia: wanakimbia kwa sababu helikopta inawafuata. Helikopta ni mimi! Nikisimama, wanasimama. Lakini wakisimama barabarani, wakaja kugongwa na lori? Nikaendelea kukimbia. Sikuwahi kufikiri vizuri hivyo huku nikikimbia, na bado sijui kama nilikosea.

Wakapita katikati ya mabango. ACHENI FARASI WAWE HURU kushoto, HELIKOPTA MARUFUKU kulia. Kamati ikaanza kushangilia, wakidhani ni maonyesho yameandaliwa. Kisha wakaniona mimi na mashine, wakatawanyika. Shemasi akaingia uani kwa madaha, akasimama katikati, akageuka kungoja ndoo yake. Vumbi akaingia. Nami nikaingia.

Na geti likafungwa pu! nyuma yetu. Na nani? Dada Imogene. Mwenyekiti wa kamati! Alikuwa amesimama pale, akaona farasi wameingia, mkono ukasukuma wenyewe. Akabaki ameshika komeo, ameduwaa. Beñat alicheka mpaka akakaa chini. Alimwita mwenyekiti wa mtego, akamwomba aje amfanyie kazi msimu ujao. Dada akamwambia afunge bakuli lake.

Kisha wote wawili wakakumbuka kunitazama. Dada akauliza tumbo linaendeleaje. Beñat akasema tumbo lipi, jirani ana mgongo. Wakatazamana. Watu kama sitini wameshika uzio, wakubwa wa ofisi madirishani, Bi. Tuttle mbele kabisa na daftari lake, na mashine bado inanguruma. Mtu akapaza sauti: basi tuambie, Delbert Penrose, wewe uko upande gani?

Petroli ikaisha.

Nikaitua mashine. Nikakaa chini, matako mavumbini. Vumbi alikuwa analowa jasho, anatetemeka, damu kidogo puani pale kamba iliposugua. Nikaona nimemfanyia siku moja yale yale waliyomfanyia milimani. Nikamwambia samahani. Kwa sauti, mbele ya watu sitini. Nikasema wamchukue tu, nimeshindwa, na nikainamisha kichwa nisimwone anavyoondoka.

Nikasikia pumzi. Kwenye kofia yangu. Ikashuka kwenye sikio, ya moto, inanuka majani. Sikuinua mkono. Sikufikiri lolote, kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Akanisukuma bega kwa pua. Akasukuma tena. Nikainua vidole polepole nikamkuna shingoni, pale penye alama, na manyoya yake yalikuwa laini kuliko nilivyokuwa nikijiuliza miezi yote hii. Kulikuwa na kifungo chini ya shavu. Kimeshika kutu. Nikakifungua, hatamu ikaanguka mapajani mwangu, na alitikisa kichwa chote, tena na tena, kama mtu aliyevua viatu vya harusi.

Nililia. Dada pia. Beñat kasema ni vumbi limemwingia, na watu wakacheka kwa sababu ya jina.

Mkono uliumiaje? Shemasi. Alinikanyaga akitafuta ndoo.

Ijumaa, Mei 17

Bi. Tuttle ametia sahihi. Vumbi anabaki! Kauliza tu maswali mawili. La kwanza, kama Shemasi naye anabaki. Beñat kasema abaki, kazi ameshastaafu kwa heshima. La pili, kama nimeelewa kwa nini farasi alinijia jana. Nikamwambia naam, nimeelewa kila kitu. Kafunga daftari.

Mkutano haukuamua lolote. Dada anasema jana watu wameona kwa macho ukatili wa kuswaga farasi. Beñat anasema jana watu wameona kwa macho kuwa farasi mwitu akikamatwa anapata nyumba. Wote wawili wananitaja kama ushahidi. Wote wawili hawasemi nami.

Jumatatu, Mei 20

Nimechambua matokeo yangu kwa utulivu. Miezi sita kimya kimya: hakuna kitu. Dakika kumi na mashine: farasi kanijia mwenyewe! Mwenye akili haoni? Ni mashine. Kosa lilikuwa petroli kidogo. Nimeagiza yenye tangi kubwa mara mbili.

Tena sihitaji kuhangaika na farasi wengine, wanakimbia mno. Ofisi inagawa punda mwitu pia, nao waliokamatwa jangwani. Nimejaza fomu asubuhi hii kabla dada hajaamka. Nimeomba wawili, madume. Nimetazama picha yao kwa makini. Wapole, na masikio yale! Hao lazima watanisikiliza.