Mgongo wa Hatem Mbele ya Kamati

Hatem alimwona Ghanim kwenye hitima huko Hail, Omani, akamshukuru Mungu kwa furaha, jambo ambalo si adabu mbele ya wafiwa. Watu wote walikaa chini kwenye mazulia isipokuwa wao wawili, waliopewa viti kwa ajili ya migongo yao. Tofauti ni kwamba Ghanim alihitaji watu wawili wamnyanyue, na Hatem alihitaji watu wawili wamwone akinyanyuka.

Zamani walikuwa jeshini pamoja, Ghanim dereva wa lori, Hatem mtunza stoo. Kwa miaka sita sasa Hatem alikuwa akidai fidia ya ulemavu: kwamba Machi 1994 gunia la mchele lilimwangukia kazini, na tangu siku hiyo hawezi kunyanyua hata birika. Gunia lilikuwepo, tusimsingizie. Halikumwangukia mtu, basi. Alishakataliwa mara mbili, na uamuzi wa mwisho ulisema: "Kamati haikumpata yeyote aliyeona gunia likianguka." Ilibaki rufaa moja tu, na baada yake mlango unafungwa. Naye, kwa ulimi wake usio na breki, alishawaahidi wakwe watarajiwa wa binti yake Shurooq ukumbi mkubwa wa harusi kwa fedha hizo hizo.

Alihitaji shahidi. Shahidi huyo hapo, anatafuna halwa.

"Yakhe Ghanim! Rufaa yako imefika wapi?"

"Ifike wapi! Miaka thalathini nnaambiwa nilete aliyeniona nkianguka."

Ghanim kweli alianguka, Septemba ya mwaka ule ule, kutoka juu ya lori kambini jangwani. Aliyemwona alikuwepo: ni Hatem, aliyekuwa amelala kivulini chini ya lori hilo hilo, saa za kazi. Kwa kuogopa kuulizwa alikuwa akifanya nini pale, alirudi stoo kimya kimya, na walipokuja kuuliza akaapa hakuona kitu. Ghanim aliangukia uso, kwa hivyo Hatem hakuwahi kuwa na wasiwasi kwamba ameonekana. Dhamiri ilimsumbua kidogo mwaka wa kwanza, kisha ikamzoea.

"Skiliza," alinong'ona. "Weye unishuhudilie mie gunia, mie nikushuhudilie weye lori. Mkono mmoja haulei mwana."

Ghanim alimeza halwa. "Kesi yangu Jumanne," alisema. "Yako?"

"Alkhamisi."

"Basi nanza mie."

"Anza weye, ndugu yangu," alisema Hatem, na kidogo amwonee huruma kwa wepesi wake wa kuamini.

Mazoezi ya ushahidi yalifanyika nyumbani kwa Ghanim, mkewe Bi Jawaher akimimina kahawa.

"Ukisema uliniona tu," Ghanim alimwambia, "watauliza kwa nini hukunisaidia. Sema ulinibeba."

"Nlikubeba?"

"Mgongoni, mpaka zahanati. Itakupendeza."

Bi Jawaher alikohoa, akamjazia tena kikombe. Na kweli ilimpendeza. Hatem alishaitwa majina mengi maishani, mengine na mama yake mzazi, lakini hakuna aliyewahi kumwita shujaa. Kilima alikiongeza mwenyewe.

Jumanne, kule Maskati, alizungumza Kiarabu safi cha ofisini, mikono ikipaa. Alieleza jua la utosini, Ghanim na kilo zake mia na kumi, na jinsi alivyompandisha kilima bila kupumzika huku akimsomea dua. Mjumbe mmoja alifuta macho. Hatem mwenyewe alifuta yake, maana alishaanza kuamini. Daktari Shatha, mwenyekiti wa kamati, aliandika kila neno. Ghanim akashinda rufaa yake papo hapo, na Hatem aliruka kumkumbatia, akakumbuka kushika kiuno akiwa ameshachelewa.

Alkhamisi aliingia amejipinda juu ya mkongojo. Daktari Shatha alikuwa akifunua kurasa.

"Gunia lilikuangukia Machi?"

"Machi, daktari. Tangu hapo hata birika siwezi."

"Na Bwana Ghanim ulimbeba Septemba."

Jasho lilimtoka Hatem mpaka kwenye vidole vya miguu. Miaka yote hii ya ujanja, miaka sita, na hakuwahi kuziweka tarehe mbili hizo pamoja! Aliona aibu kama mwizi aliyesahau kitambulisho chake kwenye nyumba aliyoiba.

"Kilima chenyewe," alisema, "kilikuwa kidogo."

Daktari akamgeukia shahidi.

"Aliyoyasema Hatem juu ya mgongo wake Jumanne, mmeyaandika," alisema Ghanim. "Mie sina la kuzidisha."

Uamuzi ulisomwa hapo hapo: "Kamati imeuamini ushahidi wa Bwana Hatem kwamba, miezi sita baada ya gunia, alimbeba mtu wa kilo mia na kumi mpaka juu ya kilima. Kwa hivyo rufaa yake imekataliwa. Kamati inampongeza kwa ushujaa."

Nje, ukumbini, walikaa kwenye benchi moja.

"Umenimaliza, yakhe."

"Nlikuona," alisema Ghanim. "Ulitoka chini ya lori, ukaniruka, ukenda zako. Nlilala juani hadi Alasiri."

Hatem aliuvuta mkongojo karibu, akaukumbatia.

"Ningekwita uje useme kweli, usingekuja," Ghanim aliendelea. "Nkakupa ushujaa, ukaja mbio. Tena nlitaka nisikie, japo mara moja, kwamba kuna aliyenibeba."

Hatem aliinamisha kichwa. Ukumbi wa harusi alikwisha kuusahau. Aliona haya, haya ya kweli.

Lifti ilikuwa wazi, fundi ndani yake, vyuma vimetandazwa sakafuni. Ghanim aliziangalia ngazi za kushuka ghorofa mbili. Hatem naye aliziangalia, kisha akauweka mkongojo pembeni, akainama.

"Panda."

Ghanim alikuwa mzito kuliko alivyokuwa kwenye ushahidi. Kwenye ngazi ya saba kitu kilialika, ka!, kiunoni mwa Hatem, na maumivu yakampanda mpaka kisogoni.

"Mgongo! Ghanim, wallahi, mgongo!"

Ghanim alimshika shingo vizuri zaidi.

"Nakuamini, yakhe," alisema. "Lete shahidi."