Kiti cha Barazani kwa Mchungaji Tolliver

Jumatatu, 3 Machi

Jana baada ya ibada kanisa zima tulikwenda kuizuru nyumba ya marehemu Mchungaji Ezra Tolliver. Kila kitu kimeachwa kama alivyokiacha: kofia kwenye msumari, sufuria jikoni, kovu la bomu kwenye ukuta wa mbele. Watu walilia. Mimi nilinuna.

Aliyetutembeza ni Cleophus Gaines, mhudumu mwenzangu wa mlangoni kanisani. Amepewa beji. Kisa, mjomba wake alikuwa miongoni mwa wanaume walioilinda nyumba hii kwa bunduki baada ya lile bomu la wabaguzi, mwaka wa sitini na tatu. Picha ya mjomba iko ukutani. Dada Ernestine Pruitt, msimamizi wa nyumba, alimtazama Cleophus kama mtu anavyotazama pai ya viazi vitamu. Na mimi, mgane, ndiye nimekuwa nikimpelekea Ernestine samaki wa kukaanga tangu Krismasi.

Ernestine akauliza kama kuna mwingine ambaye mzazi wake alilinda hapa. Mkono wangu ukanyanyuka. Sikuutuma. Nikasema baba yangu, Otis Broadnax, alikesha barazani na bunduki mapajani.

Ernestine akanishika kiganja. “Ndugu Lucius, miaka yote hii umenyamaza?”

Nikamjibu baba alitukataza kujisifu. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Lakini kiganja chake ni laini.

Jumatano, 5 Machi

Ernestine amepiga simu. Anataka kumbukumbu yoyote ya baba, kwa sababu Jumamosi binti wa Mchungaji, Bi Vernell, anakuja kutoka Chicago. Ningeweza kukiri pale pale. Nikasema kipo kiti.

Kiti hakikuwepo. Kilichokuwepo ni kiti cha kubembea cha shangazi wa marehemu mke wangu, kimelala bandani chini ya mabomba ya viyoyozi ninavyotengeneza. Nimekipiga kwa mnyororo, nikakipaka kahawa. Kikazeeka vizuri. Kisha shetani akaninong'oneza habari ya risasi. Nikachukua keekee, nikatoboa tundu moja safi kwenye mgongo wa kiti.

Nilipomaliza nilishindwa kulitazama. Nikakifunika blanketi, nikaenda kula.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepeleka kiti. Ernestine alitokwa na machozi, akakizungushia kamba nyekundu barazani pamoja na kibao chenye jina la baba. Baba hajawahi kuandikwa popote ila kwenye kaburi lake.

Akaja Cleophus. Akainama, akaingiza kidole kwenye tundu.

“Mzee Otis alifariki lini vile?”

Nikasema mwaka wa tisini na mmoja.

“Na risasi ilipita hapa, usawa wa moyo, naye amekaa?”

Nikasema alikuwa ameinuka kwenda kunywa maji.

“Maji yana baraka,” akasema Cleophus, akaenda zake. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kabla sijavua viatu.

Nilivaa suti ya mazishi. Bi Vernell alifika, mwanamke mrefu mwenye mvi, hana haraka. Alipita vyumbani, akaigusa kofia ya baba yake. Mwisho akatoka barazani, akasoma kile kibao. Akasoma tena.

“Siku zile usiku hapakuwa na mtu barazani,” akasema. “Baba alikataza. Wanaume walilala kwenye nyasi nyuma ya ua, taa zote zimezimwa. Mtu wa kukaa hapa angeuawa.”

Watu wakageuka kunitazama. Ernestine akauachia mkono wangu. Nilitamani sakafu ya mbao ipasuke.

Akasema mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Cleophus: “Labda Mzee Otis alikaa kulipopambazuka, mama. Walichoka wale.”

Amenidanganyia. Adui yangu. Ukweli ungenichoma kidogo kuliko hisani ile.

Bi Vernell akaniita jikoni, tukabaki wawili. Akaniuliza kama mimi ni mtoto wa Otis wa kiwanda cha mbao.

“Ndiyo, mama.”

“Huyo namkumbuka. Alikuwa akimwona baba yangu anakuja, anavuka barabara. Bosi wao alikuwa ameapa kumfukuza kazi yeyote atakayemsalimu Mchungaji.”

Niliitazama ile sufuria.

“Mwishowe baba akawa anavuka yeye kwanza. Akimwona Otis kwa mbali tu, anavuka, ili mwenzake asihangaike. Sisi watoto tulicheka. Baba akatukemea. Alisema, yule bwana ana watoto wa kulisha.”

Mmoja wao ni mimi. Nilikula vizuri utoto wangu wote.

“Kichukue kiti chako, Ndugu Broadnax,” akasema kwa upole. “Jina la baba yako usilichezee. Limeteseka vya kutosha.”

Nilikibeba kichwani barabara nzima, na ile suti. Majirani wakaniuliza kama nahama.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda kanisani nikitumaini kukaa nyuma kabisa. Cleophus akaniwekea nafasi kando yake mlangoni, akanipa glavu nyeupe za wahudumu. Ernestine aliimba amefumba macho. Sikuweza kuimba. Nilimfikiria baba akivuka barabara, na kofia ya Mchungaji ikivuka kabla yake. Wote wawili wanajua, na hakuna anayesalimu.

Nikalia kwenye glavu. Nimeapa: sitasema uongo tena maishani mwangu.

Jumanne, 11 Machi

Ernestine amepiga simu. Sauti baridi, lakini amepiga. Bi Vernell amemwambia kwamba nyumba inasimulia habari za mashujaa peke yao, na si haki. Wasimuliwe pia walioogopa. Nikikubali kusema ukweli wa baba mbele ya wageni, Jumamosi moja moja, nitapewa beji.

Nilisema nitaomba kwanza. Niliomba kwa muda mfupi.

Hebu fikiria. Cleophus hana mwoga hata mmoja katika ukoo wake. Kwa hili hanifikii.

Nimeanza kuandika maneno yangu. Baba akivuka barabara: nzuri, lakini fupi, wageni watataka zaidi. Nimeongeza kwamba alijificha chini ya kitanda wiki nzima, mama akimpitishia mkate wa mahindi kwa sahani. Hakujificha chini ya kitanda. Lakini angeweza. Kitanda tulikuwa nacho kirefu kwenda juu, na Ernestine ana moyo wa huruma.

Kesho naanza kukitafuta hicho kitanda.